Aikoni katika kisanduku cha ujumbe cha kujiundia: tathmini ya Microsoft Access

Aliyewahi kutengeneza hifadhidata ya stoo au ya ada za shule kwa Microsoft Access anaifahamu MsgBox, amri ya kuonyesha kisanduku kidogo cha ujumbe, yenye aikoni zake nne za kosa, swali, onyo na taarifa. Kwa kazi ya haraka inatosha, lakini maandishi ya vitufe vyake hufuata lugha ya Windows, hivyo swali lililoandikwa kwa Kiswahili fasaha hujibiwa kwa “Yes” na “No”. Sababu hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu aunde fomu yake mwenyewe, na hapo ndipo huzuka suala la mahali pa kuhifadhi aikoni.

Njia kongwe ni kupachika picha zote ndani ya fomu, moja juu ya nyingine, kisha kuonyesha ile inayohitajika kwa kubadili sifa ya Visible. Haina hitilafu, ila inachosha: kila aikoni mpya inadai fomu ifunguliwe tena katika hali ya usanifu. Nadhifu zaidi ni kuziweka picha katika fomu moja inayofunguliwa ikiwa imefichwa, kisha kunakili PictureData (data yenyewe ya picha) ya picha husika kwenye kisanduku cha ujumbe. Kuziunganisha picha kutoka folda ya nje sikushauri hata kidogo, kwa kuwa siku hifadhidata itakapohamishiwa kompyuta nyingine bila folda hiyo, aikoni hazitaonekana.

Iliyonivutia zaidi ni hazina ya picha za pamoja iliyoletwa na Access 2010. Picha huhifadhiwa mara moja tu katika jedwali la mfumo liitwalo MSysResources, fomu nyingi huitumia nakala hiyo hiyo, na msimbo hubadilisha aikoni kwa kutaja jina lake katika sifa ya Picture. Kabla ya kupachika chochote, hata hivyo, ni vyema kukagua katika mipangilio ya hifadhidata kwamba picha zinahifadhiwa katika muundo wake wa asili, maana chaguo la pili, lililobakizwa kwa ajili ya matoleo ya 2003 na ya nyuma yake, hugeuza kila picha kuwa bitimapu, na picha ya PNG yenye mandharinyuma angavu, yaani yanayoonyesha kilicho nyuma yake, hupoteza uangavu huo huku faili likivimba bure.

Upungufu wa Access uko kwenye fomu yenyewe kuliko kwenye picha. Lebo hairefuki yenyewe kwenye skrini ujumbe unapokuwa mrefu, hivyo kimo chake na cha fomu hupangwa kwa msimbo, kazi ambayo MsgBox huifanya bila kuombwa. Fomu ikifunguliwa kwa acDialog, yaani kama kidirisha cha kusubiri jibu, msimbo ulioiita husubiri hadi ifungwe au ifichwe, na huo ni utaratibu mzuri. Lakini mtumiaji akibonyeza alama ya kufunga pembeni, fomu hutoweka pamoja na jibu lililotarajiwa kusomwa humo. Ni afadhali kuiondoa alama hiyo, au kulihifadhi jibu katika TempVars, yaani vigeu vya muda vya Access, ambazo zimekuwamo tangu Access 2007.

Kwa maswali na taarifa za kila siku, njia ya picha za pamoja naipa alama za juu. Katika sehemu za msimbo zinazoshughulikia makosa, ningeiacha MsgBox ya kawaida, kwa sababu yenyewe haitegemei fomu wala jedwali lolote ambalo huenda ndilo lililoharibika.