Nyumba ya kukodi pwani ya Unguja na Pemba: upige kambi kijiji gani?

Ukitafuta nyumba ya kukodi pwani ya Zanzibar, picha zote zinafanana: chandarua cheupe, paa la makuti, na bahari imejaa mpaka ukingoni. Mwenye nyumba hapigi picha saa nne asubuhi ya bamvua, siku za maji makubwa, wakati maji yamerudi mpaka mwambani na mbele ya baraza kumebaki mchanga, majani ya bahari na mitumbwi imelalia ubavu. Mgeni analipa, anafika, anavaa nguo za kuogelea, halafu anauliza bahari imekwenda wapi.

Kwa hiyo hapa tutaanza na maji, kisha upepo, ndipo tuje kwenye vijiji. Nyumba yenyewe ni suala la mwisho. Nyumba nzuri zipo karibu kila kijiji siku hizi, ila bahari ya Jambiani si bahari ya Kendwa, na hakuna fundi wa kukurekebishia hilo. Nimepanga vijiji kwa kufikiria familia au kundi la marafiki kutoka mjini, Dar au Mombasa, wanaotaka kukaa siku nne tano mpaka wiki, wanaojipikia, na ambao angalau nusu yao wanataka kuogelea. Anayetaka hoteli ya kulishwa asubuhi mpaka usiku ana hesabu nyingine kabisa.

Soma mwezi kabla ya kulipa

Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Matemwe kushuka hadi Makunduchi, imekingwa na mwamba. Kati ya mwamba na ufukwe kuna uwanda mpana wa maji mafupi, na maji yakipwa sehemu kubwa ya uwanda huo hubaki wazi. Kuna mahali utatembea kilomita nzima kabla ya kukuta maji ya kufika kiunoni. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika kama mita 4. Si kidogo.

Bamvua huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na tena alasiri, na hupwa mnamo saa nne. Kila siku ratiba husogea mbele kwa dakika kama 50. Wiki moja baadaye, yaani tarehe saba nane au 22 na 23 za mwezi wa Kiislamu, mambo yamegeuka: maji yanajaa saa nne au saa tano asubuhi, tena ni maji mafu, hata yakipwa hayaendi mbali sana.

Maana yake kwa mfuko wako ni hii. Ukikodi pwani ya mashariki na watoto wanataka kuogelea asubuhi, tafuta tarehe za maji mafu kwenye kalenda ya Kiislamu. Ukipenda kutembea mpaka mwambani, kuona watu wakichokoa pweza na kuokota kombe, chukua siku za bamvua na uogelee alasiri. Watu wanabishana juu ya nyumba ipi ina kiyoyozi wakati kalenda ya ukutani ingewafaa zaidi.

Upepo nao una zamu. Kusi huvuma kuanzia kama Mei au Juni hadi Septemba, kutoka kusini mashariki, na hupiga pwani ya mashariki usoni. Usiku unalala vizuri bila feni, lakini bahari huchafuka na vitu barazani vinaruka. Kaskazi huja kama Desemba hadi Machi, na joto lake unalijua. Masika, kuanzia Machi inakwenda Aprili na Mei, bei hushuka sana na baadhi ya hoteli hufunga. Ukiwa na vitabu na karata, si wakati mbaya kama watu wanavyosema.

Wa kwanza: Jambiani

Najua wengi wataanza na Nungwi. Mimi naiweka Jambiani mbele, na sababu yangu ni kijiji chenyewe. Jambiani ni kijiji kirefu kilichojinyoosha kando ya bahari, Kibigija, Kikadini na kuendelea, na watu wake bado wanaishi pale pale ufukweni badala ya kusukumwa nyuma ya kuta za mahoteli. Mtu anayejipikia anahitaji hilo kuliko anavyodhani. Asubuhi unapata maandazi na chapati jirani. Maji yakianza kujaa wavuvi wanarudi, na ukisimama dikoni, pale mitumbwi inapofikia, utapata changu au pweza kwa bei ya dikoni. Nyanya, vitunguu, nazi na ndimu ziko dukani. Hamhitaji gari kila mnapotaka chumvi.

Bei za nyumba nazo zina ngazi nyingi. Kuna za vyumba viwili za wenyeji, ua umezungushiwa makuti, na kuna nyumba kubwa za ghorofa zenye bwawa. Familia ya kawaida itapata kitu katikati.

Kasoro yake ni hayo maji. Bamvua ikiwa imepwa, Jambiani huogelei. Utatembea, na kutembea kwenyewe kuna adabu yake: kilimo cha mwani cha biashara kimekuwapo pwani hii tangu 1989, na zile pegi na kamba unazoziona zimepangwa majini ni mashamba ya watu, mengi ya akina mama. Usikate katikati ya shamba la mtu, na usimwelekezee simu bila kumwomba. Vaa viatu vya mpira, maana vile viumbe vyeusi vya miiba havichagui mgeni.

Daladala namba 309 inakwenda Jambiani kutoka mjini Unguja. Kwa gari ni kama saa moja na zaidi kidogo, ukipitia msitu wa Jozani wenye kima punju, kisha unakata kulia Paje. Mwezi Julai watu hufurika Makunduchi kwa ajili ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, na Jambiani ni jirani. Ukitaka tarehe hizo, wahi.

Wa pili: Kendwa, na Nungwi upande wa magharibi

Kama sharti lenu la kwanza ni kuogelea saa yoyote, rukeni Jambiani, njooni huku moja kwa moja. Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi maji hayakimbii. Yakipwa bado mnaingia. Kusi likivuma, mmekingwa na kisiwa chenyewe. Jua linazama baharini mbele yenu, jambo ambalo pwani ya mashariki hamlipati.

Hapa jihadhari na neno "Nungwi" kwenye tangazo. Upande wa mashariki wa rasi hiyo una mwamba na maji hupwa kama kwingine. Muulize mwenye nyumba swali moja tu: jua linazama baharini au nyuma ya nyumba? Jibu litakwambia uko upande gani.

Mbona basi si ya kwanza? Kwa sababu Nungwi imejaa. Mbele ya bahari ni hoteli, na nyumba nyingi za kukodi ziko ndani kijijini, mnapita vichochoro kufika ufukweni. Mapapasi, wale vijana wanaowauzia wageni safari, hawakuachi upumue: boti, kasa, samaki wa kuchoma, jua kuzama, bei maalumu kwa ajili yako, kaka. Kendwa ina sherehe za mwezi mpevu zenye muziki wa kukesha. Wengine wanakuja kwa ajili hiyo, lakini mwenye mtoto mchanga aangalie mwezi mara ya pili. Na bei ya chakula iko juu ya vijiji vingine. Faida nyingine, ukiacha bahari, ni mafundi wanaounda vyombo vya mbao pale ufukweni. Watoto wanaweza kukaa hapo saa nzima wakitazama shoka. Daladala ni 116.

Wa tatu: Matemwe

Matemwe ni Jambiani iliyo kimya zaidi na ghali zaidi. Ufukwe mrefu, mweupe, na kisiwa cha Mnemba mbele yako. Ukitaka kuzamia na kuona samaki wa Mnemba, boti kutoka hapa ni mwendo mfupi kuliko ukitokea Nungwi, na unaweza kuondoka mapema kabla ya msongamano wa boti za watalii. Maji yanapwa, kwa hiyo hesabu ya mwezi ni ile ile. Maduka ni machache, ukichukua nyumba ya mbali upande wa Muyuni utahitaji gari au baiskeli. Kwa wawili waliooana juzi ningeipandisha daraja. Kwa kundi la watu wanane wenye njaa, hapana.

Wa nne: Michamvi Kae

Rasi ya Michamvi ina pande mbili. Pingwe inaangalia bahari kuu, na ndipo ulipo ule mgahawa juu ya jiwe ambao kila mtu ana picha yake. Kae iko mgongoni, inaangalia ghuba ya Chwaka na mikoko, na inaona jua likizama ijapokuwa uko mashariki ya Unguja. Wakati wa kusi, Bwejuu ikipeperushwa, Kae ni shwari. Ingekuwa ya pili kama ingekuwa karibu na kitu chochote. Nendeni na gari, na mnunue vyakula kabla ya kuvuka Paje.

Wa tano: Paje

Vijana, ndiyo. Paje ndiyo mji wa wale wanaoruka na tiara baharini, kusi na kaskazi, na barabara ya kutoka mjini inafika hapo hapo kwenye njia panda, kwa hiyo huduma zipo. Lakini upepo ukikolea zile kamba na vibao viko kila mahali, na mzazi hawezi kumwacha mtoto majini akakaa na kahawa yake. Usiku kuna muziki. Bwejuu, hatua chache kaskazini, ina ufukwe ule ule bila kelele. Kwa familia ningechagua hiyo.

Wa sita: Kizimkazi

Vijiji viwili, Dimbani na Mkunguni, vyenye vighuba vidogo kati ya majabali, na utulivu mkubwa boti za pomboo zikishaondoka. Msikiti wa Dimbani una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 1107, na hilo peke yake ni sababu ya kufika. Kufika, nasema, si lazima kupiga kambi wiki nzima. Mwezi Agosti kuna tamasha na viongozi wengi, nyumba hujaa. Kuhusu pomboo: boti kumi zikimzunguka mnyama mmoja, mwambie nahodha wako asubiri au arudi.

Chwaka na Uroa zinamfaa mtu wa mjini anayetaka Jumamosi na Jumapili tu. Karibu, samaki wengi, ufukwe wa kawaida. Kiwengwa ni ya mahoteli, nyumba ya kujipikia hapo haina raha.

Na Pemba?

Pemba siiweki kwenye foleni hii, kwa sababu haishindani na hizi. Kisiwa ni vilima, mikarafuu na mabonde ya mpunga, na pwani yake kubwa ni mikoko. Fukwe za kukaa kitako ni chache na ziko mbali: Vumawimbi, kwa mfano, iko kule rasi ya Kigomasha, unapita ndani ya msitu wa Ngezi kuifikia. Mchanga wake unaweza kuwa wenu peke yenu mchana kutwa. Hakuna duka, hakuna mgahawa wa kukuokoa, na nyumba za kukodi kando ya bahari ni za kuhesabu.

Njia inayofanya kazi ni kupanga Chake Chake au Wete, kukodi gari, na kwenda baharini kwa siku: Vumawimbi siku moja, kisiwa cha Misali kwa boti kutoka Wesha siku nyingine, popo wa Kidike jioni. Boti kubwa kutoka Unguja hutia nanga Mkoani, na mkondo wa Nungwi wakati wa kusi unajulikana kwa mawimbi. Mwenye tumbo jepesi apande ndege. Kama ni mara yenu ya kwanza Zanzibar na mna siku nne, bakini Unguja. Kama mmeshaichoka Unguja, Pemba itawalipa.

Sasa nyumba

Mwombe mwenye nyumba video, ipigwe barazani maji yakiwa yamepwa. Akikataa, umeshapata jibu.

Uliza maji yanatoka wapi. Visima vya karibu na bahari vina chumvi, sabuni haitoi povu na chai haina ladha. Kama yanaletwa na boza, nani analipa? Tangi lina ukubwa gani? Uliza umeme: Zanzibar tunanunua kabla ya kutumia, tukuza, na viyoyozi vitatu vinamaliza uniti haraka. Wenye nyumba wengine wanatoa kiasi fulani kwa siku, kinachozidi ni chako. Umeme ukikatika, kuna jenereta au kuna mshumaa? Jiko ni la gesi, na mtungi una kitu ndani?

"Mbele ya bahari" na "dakika mbili kutoka baharini" ni nyumba mbili tofauti, na mara nyingi ya pili ni bora wakati wa kusi, chumvi na mchanga haviingii kwenye wali. Vijijini nguo za kuogelea zinaishia mchangani. Ukienda dukani jifunike khanga au vaa suruali. Ramadhani migahawa ya kijijini hufungwa mchana, basi jikoni kwenu pawe na kila kitu, na mle ndani.

Bei ikitajwa kwa dola, uliza bei ya mkaazi kwa shilingi kabla ya kuanza kujadiliana, si baada. Toa arubuni, usilipe zote mpaka umeingia na kufungua bomba. Kama kuna mpishi, mkubaliane naye mwenyewe malipo yake na nani ananunua vyakula, tena mbele ya mwenye nyumba, kwa sababu "mpishi yumo kwenye bei" wakati mwingine maana yake ni kwamba anapika, na wewe ndiye unayemlipa.