Samoni wa porini: Norwei na Ayalandi
Norwei na Ayalandi zote zilipiga marufuku uvuvi wa samoni kwa nyavu za kuelea baharini, ambazo wavuvi wa pwani yetu wangeziita majarife, ila Norwei ilitangulia mwaka 1989 na Ayalandi ikafuata mwaka 2007. Utaratibu wa Ayalandi unanivutia zaidi, kwa kuwa samoni wa porini aliyevuliwa kihalali hufungwa lebo yenye namba, inayopitishwa kwenye shavu na kutokea mdomoni, hivyo hata mnunuzi anaweza kumtambua. Norwei iliendelea kuruhusu mitego ya nyavu pwani, lakini mwaka 2021 ilisimamisha uvuvi wa samoni katika mto Tana (si ule wa Kenya), huku vizimba vyake vya kufugia samoni baharini vikizalisha zaidi ya tani milioni 1 kwa mwaka.