Wiki 24 za DBT: tathmini ya mama aliyekaa darasani na bintiye

Binti yetu alikuwa na miaka 15 alipoanza kujiumiza, na daktari wake hapa jimbo la Washington ndiye aliyetuelekeza kwenye tiba ya tabia ya dialektiki, ambayo wengi huiita DBT. Tumemaliza wiki 24 za programu ya vijana na familia. Nawaandikia Waswahili wenzangu walioko Marekani ambao wanapigia simu kliniki hii na ile bila kujua waulize nini.

Tiba hii ilibuniwa na mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, na jaribio lake la kwanza lililochapishwa mwaka 1991 lilihusu wanawake waliokuwa wakijiumiza mara kwa mara. Ikitolewa kikamilifu, mgonjwa huonana na mtaalamu wake kila wiki, huhudhuria darasa la stadi, yaani mbinu za kutuliza hisia na kuishi vizuri na watu, huweza kupiga simu kuomba mwongozo kati ya vikao, na wataalamu wenyewe huwa na timu ya kushauriana. Kliniki tuliyoanzia ilijitangaza kuwa inatoa DBT, lakini kwa miezi miwili binti yetu alipata darasa peke yake, na usiku aliozidiwa tulipokewa na sauti iliyorekodiwa ikitutaka tuache ujumbe. Tulipiga 988, nambari ya dharura ya afya ya akili, tukasaidiwa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza ni nani atakayepokea simu ya mtoto wako, na mpaka saa ngapi.

Kwa watu wazima, programu ya kawaida huchukua mwaka, kwa kuwa mzunguko wa stadi hurudiwa mara mbili. Ya vijana, iliyotengenezwa na Alec Miller na Jill Rathus, ina tofauti ambayo kwangu ndiyo thamani yake yote: mzazi hasubiri nje. Katika kliniki yetu ya pili tulikaa meza moja na binti yetu kila Jumanne jioni, tukapewa kazi ya nyumbani kama yeye, na mimi nikagundua kwamba kila alipolia nilikuwa nikimwambia, “Mbona una kila kitu, mwanangu?” Nilifundishwa kuanza kwa kutaja ninachokiona: “Naona maneno ya rafiki yako yamekuuma sana.” Mara ya kwanza nilipolisema, aliacha kukunja mkono wa sweta yake, akaniangalia.

Lugha ilitupa kazi kubwa. Mama mkwe wangu, ambaye anaishi nasi na ndiye anayeshinda na mtoto, alihudhuria vikao vitatu kwa msaada wa mkalimani, na mkalimani akasema kwamba familia inapaswa “kukubali” hali ilivyo. Bibi alikasirika, na alikuwa na haki, kwa sababu kwa Kiswahili chetu anayekubali jambo ameliridhia, nani basi aridhie mjukuu wake aumie? Tulimwelewesha tulipotumia neno kupokea, yaani unaupokea ukweli kama ulivyokuja, kama unavyopokea taarifa ya msiba, kisha ndipo unapoanza kushughulika. Hapo ndipo penye kiini cha tiba hii, kupokea na kubadilika kwa pamoja, na mkalimani asiyeandaliwa anaweza kukiharibu kwa neno moja.

Stadi iliyotufaa mapema ni ya maji baridi. Hisia zinapopanda, binti yetu huinamisha uso kwenye beseni lenye maji na barafu huku amezuia pumzi kwa muda mfupi, na mapigo ya moyo hushuka. Mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza. Kadi ya kujaza kila siku, ambayo mtoto huandika humo hisia na misukumo yake, kwa upande mwingine, ilimchosha, na wiki kadhaa aliijaza yote ndani ya gari tukiwa njiani.

Gharama ni kubwa, na bima yetu ilikubali kulipia vikao vya ana kwa ana lakini ikabishania darasa. Ambaye mgonjwa wake amekataa tiba, au ni mtu mzima anayeishi mbali, aitafute Family Connections, kozi ya bure ya wiki 12 kwa ajili ya jamaa wa mgonjwa. Mume wangu, ambaye kazi ya usiku ilimnyima Jumanne nyingi, amejiandikisha huko, na bibi ameomba ahudhurie pamoja naye.