Gari gani la fowili ununue kwa mchanga wa Msimbati na pwani ya Lindi

Msimu wa korosho ukikaribia, habari za kununua magari huanza Mtwara, na mazungumzo karibu yote huishia kwenye jina moja: Land Cruiser. Sibishi, ni gari. Ila anayenunua kwa ajili ya mchanga, uwe wa Msimbati na Ruvula, wa vijia vya Mchinga na Kilwa, au ule mwekundu unaomeza magurudumu wakati wa kiangazi huko Newala na Tandahimba, asianze na jina. Aanze na uzito wa gari, aje kwenye chasi, halafu aulize kama lina gia nzito ya 4L. Ukubwa wa injini auache mwisho.

Najua tunapotoshwa na wapi. Kila mwenye simu ameona video za Dubai na Oman, Nissan Patrol zinaparamia vilima vya mchanga kwa kishindo. Magari yale hayana gunia hata moja nyuma, yana injini kubwa za petroli, na mchanga wa kule ni mkavu karibu mwaka mzima. Jambo lisiloonekana kwenye video ni kwamba kabla ya kuingia jangwani madereva wale hushusha upepo wa tairi hadi PSI 15, wengine 12. Hapo ndipo siri ilipo kuliko kwenye injini. Huku kwetu mchanga una chumvi, masika ikiingia njia hiyohiyo inakuwa tope, na gari lililokupeleka ufukweni Jumapili ndilo litakalobeba korosho Jumatatu.

Kwa hiyo orodha yangu ni ya mtu wa huku, mwenye gari moja na mfuko wa kawaida.

1. Suzuki Escudo ya zamani, ile yenye chasi

Najua wenye Land Cruiser za mkonga watacheka. Escudo ya milango mitano, ya kuanzia miaka ya mwisho ya 1990 hadi 2005, yenye injini ya lita 2.0, haifiki tani moja na nusu. Imekaa juu ya chasi kamili, ina kirungu chake cha 2H (magurudumu mawili), 4H (manne) na 4L (manne kwa gia nzito), na ukitoka mchangani unarudi 2H ukaenda zako mjini bila kunywa mafuta ovyo. Wepesi ndio unaoibeba. Pale gari zito linapovunja ngozi ya juu ya mchanga na kuanza kuzama, Escudo bado inapita. Hata ikinasa, watu wanne na chepe moja wanaitoa, bila kutafuta trekta.

Unapoikagua, jambo la kwanza ni kujua kama magurudumu ya mbele yanavuta kweli. Taa ya fowili kuwaka kwenye dashibodi haitoshi. Ipeleke kwenye mchanga laini, weka 4H, mwambie mwenzako asimame pembeni atazame tairi za mbele wakati unaondoka taratibu. Za nyuma zikirusha mchanga na za mbele zikifuata tu bila kurusha hata punje, hilo ni gari la magurudumu mawili linalouzwa kwa bei ya manne. Pili, isikilize ikiwashwa asubuhi. Injini hiyo ya 2.0 hutumia mnyororo wa taimingi, na mwenye kuchelewesha kumwaga oili huuacha ukichakaa hadi ukaanza kulia. Mlio wa kugongagonga kwa mbele injini ikiwa baridi usikubali kuambiwa "ni kawaida yake".

Escudo za baada ya 2005 ni gari jingine. Chasi imeunganishwa ndani ya bodi. Zenye swichi iliyoandikwa 4H, 4H LOCK na 4L LOCK zinafaa kabisa. Zisizo na swichi hiyo ziache kwa watu wa lami.

2. Land Cruiser mkonga

Familia hii ya namba 70 ilianza mwaka 1984 na umbo lake halijabadilika sana, ndiyo maana fundi wa Nachingwea au Liwale anaifungua bila kuuliza. Injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo na pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta. Kwa mwenye kubeba mzigo kila siku, au anayepita njia ya Nangurukuru hadi Liwale mvua zikiwa zimeanza, hapa hakuna mjadala: hamisha namba 2 iwe namba 1.

Ila kwa mchanga mtupu ina kasoro mbili. Inakaribia au kupita tani 2 kabla hujapakia kitu, na ikizama inazama kweli. Halafu kwenye matoleo ya karibuni magurudumu ya nyuma yamekaribiana kuliko ya mbele, kwa hiyo ya nyuma hayakanyagi palepale yalipopita ya mbele. Kila tairi linajichimbia njia yake, na injini inafanya kazi mara mbili. Dawa yake ni kushusha upepo zaidi na kuweka 4L mapema, usisubiri hadi gari limeanza kulalamika.

Nyingi zinazouzwa huku zilikuwa za miradi au za serikali, zikatoka kwenye minada. Si vibaya. Lakini gari lililoendeshwa na madereva wengi kwa miaka, kila mmoja akijua si lake, likague difu na springi za nyuma kwa jicho la mtu anayekagua mchumba.

3. Suzuki Jimny

Kwa mchanga peke yake ingekuwa ya kwanza. Ina uzito wa tani moja hivi, chasi kamili, ekseli ngumu mbele na nyuma, na 4L. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya nafasi: watu wawili na ndoo ya samaki, basi. Chagua yenye injini ya lita 1.3. Zile za cc 660 zenye turbo zilitengenezwa kwa soko la Japani, na spea zake utazisubiri kutoka Dar.

4. Toyota Hilux

Double cabin yenye injini ya 3L au 5L (hayo ni majina ya injini, si lita), dizeli zisizo na turbo, haina makuu na haisumbui. Tatizo lake mchangani ni kwamba nyuma ikiwa tupu, tairi za nyuma hurukaruka na kuchimba. Mifuko michache ya mchanga juu ya ekseli inatuliza. Nyingi za huku zimebebeshwa kupita kiasi, kwa hiyo angalia kama chasi imepinda pale kebini inapokutana na bodi la nyuma.

5. Prado na Hilux Surf

Ni nzuri kukaa, na fowili yake ni ya kweli. Wasiwasi wangu uko kwenye zile za miaka ya 1990 zenye dizeli ya 1KZ, lita 3.0 yenye turbo. Mchanga huchemsha injini kuliko barabara yoyote, maana unakwenda taratibu huku umekandamiza mafuta, upepo wa kupoza rejeta haupo, na 1KZ ikichemka silinda hedi hupasuka. Kabla ya kulipa, fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi kabisa, iwashe, utazame maji. Mapovu yakipanda mfululizo hata baada ya hewa ya mwanzo kutoka, funga mfuniko, shukuru, ondoka. Prado ya 2002 hadi 2009 imetulia zaidi, ila toleo la dizeli lina nozeli za gharama ambazo hazipendi mafuta ya kwenye madumu.

6. Land Rover Defender na Nissan Patrol

Patrol ndiyo bingwa wa jangwa na sina la kuipunguzia, ila uliza kwanza spea zake pale Mtwara mjini halafu urudi tuongee. Defender ya zamani inavuta magurudumu manne muda wote na ina loki ya difu ya kati, springi zake za koili zinakanyaga mchanga vizuri mno. Watu husema haishiki kutu kwa kuwa bodi ni alumini. Chasi yake ni chuma, tena penye chumvi alumini ikigusana na chuma inaliwa na kutoa unga mweupe. Utauona kwenye pembe za milango.

RAV4, X-Trail, Forester na wenzao sikuwapa namba. Hawana 4L na matumbo yao yako chini. Mchanga wenye unyevunyevu maji yakiwa yamekupwa watapita, hasa upepo ukishushwa. Mchanga mkavu wa saa nane mchana utawalaza tumbo.

Chumvi, kabla ya mchanga

Gari lolote utakalochagua, lililoishi Mtwara, Mikindani au Kilwa Masoko lazima ulale chini yake. Chukua nyundo ndogo, gonga chasi kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa sauti ya kufa. Tumia muda wako juu ya ekseli ya nyuma na kwenye mashikio ya springi, maana mchanga wenye chumvi hujikusanya ndani ya chasi pale na kukaa na unyevu miezi. Ukikuta rangi nyeusi mpya chini ya gari la miaka ishirini, kwaruza kidogo kwa ufunguo. Muuzaji akikasirika, umeshajibiwa.

Pesa ya kubaki

Usimalize yote kwenye gari. Kipimo cha upepo na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri ni lazima, si mapambo. Ukienda kwa mtu wa pancha atauliza "Niweke ngapi?" na watu wote hujibu thelathini. Thelathini ni ya lami. Mchangani anza na 18, ukiona gari linazidi kuzama shuka hadi 15. Tairi linalala, alama yake inarefuka, uzito unasambaa. Chini ya 12 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Tairi za kashata (meno) kubwa zinazouzwa kwa ajili ya matope hazikusaidii hapa, zinachimba. Kashata za wastani zinatosha.

Ongeza chepe, kamba nene ya kuvutia na kipande cha ubao mpana wa kuweka chini ya jeki, kwa sababu jeki peke yake itazama kabla gari halijanyanyuka. Vile vibao maalumu vya kutolea gari mchangani ni vizuri kama unavimudu. Usipovimudu, Msimbati haikosi makumbi wala makuti. Fukua mbele ya tairi, tandika, toka kwa gia ya pili ya 4L bila kukanyaga mafuta kwa hasira. Tairi likianza kuzunguka bure, ondoa mguu hapohapo.

Mwenye gari jipya pwani anahitaji pia kujua maji. Yanajaa mara mbili kwa siku na kila siku huchelewa karibu dakika 50, kwa hiyo saa ya jana si ya leo. Siku za bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, hupanda mbali kuliko unavyodhani. Muulize mvuvi kabla ya kuegesha. Na Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000: lipa kiingilio, na usiendeshe kupita mstari wa maji kujaa kuelekea nchi kavu, kasa hutaga huko. Ukirudi, osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, na upepo ujazwe kabla ya kushika lami. Tairi lenye upepo wa PSI 16 kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa huchemka ubavuni na linaweza kupasuka.

Suala la wapi pa kununua ni fupi. Gari la kuagiza Japani halijaonja chumvi ya huku, ila ushuru wa uchakavu kwa magari ya umri huu unauma, kokotoa TRA kabla hujatuma hela. La mkononi, nenda na fundi wako mwenyewe, linganisha namba ya chasi na ile ya kwenye kadi, na malipo yafanyike siku mtakapoandikishiana mkataba, si kabla.