Ziara ya zimamoto na darasa la nne: elfu nane imelipa, ila ile Kosta jamani

Wazazi wenzangu wa Mtwara mliokuwa mnaniuliza ile elfu nane ya ziara ya zimamoto ilienda wapi na kama inafaa kumpeleka mtoto awamu ijayo, naandika hapa mara moja nisirudie kwa kila mtu. Mi nilikuwa mmoja wa wazazi watatu tuliosindikiza darasa la nne. Shule siitaji, Kosta siitaji, mnaojua mnajua.

Nianze na kilichoniudhi. Tumeambiwa saa mbili kamili gari liko getini, limefika saa tatu na nusu, dereva hana hata pole, konda anatafuna korosho zake anatuangalia tu. Watoto 68 wako chini ya mwembe, wengine washamaliza ming'oko waliyofungiwa ya mchana. Afu Kosta yenyewe moja, kwahiyo ni tripu tatu, wa kwanza wakifika wanawasubiri wa mwisho, mpaka tunakamilika jua la saa tano limeshakaa utosini. Hapo hela yote imekwenda kwa gari, maana zimamoto wenyewe hawakutudai hata senti, ilikuwa ni barua ya mwalimu mkuu tu na kupangiwa siku.

Sasa pale kituoni ndo raha ilipo. Mi nilidhani watapandishwa gari jekundu wapige king'ora basi turudi. King'ora kilipigwa kweli, na mpira wa maji walishikishwa wanne wanne wakaona unavyovuta, ila afande aliyewapokea (mdada, mpole, lakini akisema nyamaza wananyamaza) hakuanzia huko. Alianza kuvaa. Buti, suruali, koti, helmeti, kila kimoja anakitaja anakivaa, mwisho akajitwisha mtungi mgongoni akawauliza humu kuna nini. Wote kwa pamoja oksijeniii! Akawaambia hamna, ni hewa hii hii tunayovuta, imeshindiliwa tu. Afu akavaa barakoa ya uso mzima na kuanza kupumua. Jamani ile sauti, kama mtu anakoroma ndani ya pipa. Mtoto mmoja wa mbele akaanza kulia na mwingine akajificha nyuma ya mwalimu. Afande akaivua, akacheka nao, akavaa tena, akavua tena, mara ya tatu yule aliyekuwa analia ndo anamgonga kioo kwa kidole. Kumbe ndo somo lenyewe: nyumba ikiungua mtoto anajificha uvunguni, na akiona lile lidude linaingia na moshi anazidi kujificha, wakati ndo limekuja kumtoa. Mi mtu mzima sikuwahi kuliwaza hilo.

Wakafundishwa kutambaa pia, maana moshi unapanda juu na hewa ya kuvuta inabaki chini, na nguo ikishika moto usikimbie, simama, lala, bingirika. Walibingirika wote hadi wasioambiwa. Sare za siku hiyo msiniulize.

Ila kipande kilichonipata mimi ni cha mafuta. Mnanijua, mwaka wa saba huu nakaanga mihogo na samaki maeneo ya stendi, na miaka yote pembeni ya karai naweka ndoo ya maji, ya tahadhari eti. Afande kawasogeza watoto mbali nyuma ya kamba, kachemsha mafuta kidogo kwenye kopo mpaka yakawaka yenyewe, akafunga kijiko kwenye fimbo ndefu akatia maji. Kijiko kimoja! Moto uliruka ukapita kichwa cha mtu mrefu, watoto wakapiga yowe, na mi nilipiga sintodanganya. Akaeleza taratibu, maji ni mazito kuliko mafuta kwahiyo yanazama chini, kule chini yanakutana na joto yanageuka mvuke ghafla, na maji yakiwa mvuke yanataka nafasi kama mara 1,700 ya mwanzo, sasa yakitoka yanayarusha na mafuta yanayowaka. Afu akawasha tena, safari hii akazima jiko akafunika kopo kwa sahani ya bati anaisogezea kutoka pembeni, siyo kuidondosha kwa juu, akasema usifunue kuchungulia mpaka lipoe kabisa. Moto kimya. Mi nikawa naifikiria ndoo yangu tu.

Kwenye gesi ndo kulinoga. Afande anasema gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini, fungua milango, usiwashe wala kuzima taa, toka nje. Katoto kamoja kakanyoosha mkono: "Samahani afande, na gesi yetu ya Msimbati nayo inatambaa?" Wakubwa wote tukacheka, ila swali la maana. Akajibu ile ya Msimbati, inayochimbwa huku kwetu, kwa sehemu kubwa ni methani, nyepesi kuliko hewa, yenyewe ikivuja inapanda juu. Yani Mtwara tumeimba gesi gesi miaka yote, tumeona bomba linaondoka Madimba linakwenda Dar, kumbe ya mtungi wa jikoni ni ukoo mwingine kabisa na inaingia nchini kwa meli.

Zoezi la kupiga simu 114 lilitaka kutuvunja mbavu. Afande anajifanya kapokea, mtoto anasema nyumba inaungua. Wapi? Kwetu. Kwenu wapi? Kwa bibi. Bibi yupi? Bibi mzaa baba! Mpaka mwisho wakaelewa kutaja mtaa, alama ya karibu kama msikiti au shule, kinachoungua ni nini, na kama kuna mtu ndani.

Mitungi ya kuzimia moto waliishika wachache na hapo kosa letu, umeleta watoto 68 kwa mkupuo unategemea nini. Waliobahatika walivuta pini, wakaelekeza kitakoni mwa moto siyo kwenye ndimi, wakaminya, wakapeleka kushoto kulia. Waliobaki wameangalia migongo ya wenzao. Awamu ijayo mkondo mmoja mmoja tafadhali.

Mwalimu mmoja kwenye gari alikuwa analalamika kwamba wenzetu wana makumbusho kabisa za zimamoto, New York waliiweka moja ndani ya jengo lililokuwa kituo cha zimamoto cha mwaka 1904, na Tokyo pale Yotsuya iko nyingine ya zimamoto wenyewe, kuingia bure, magari ya zamani na helikopta. Ni kweli ingependeza. Ila mi nikiambiwa nichague, helikopta ya kuangalia na kijiko kile cha maji, nachukua kijiko. Nilichokosa ni habari za mabweni. Hawa miaka michache tu wanakwenda bodingi, na tumeshazika watoto 12 wa shule ya Idodi kule Iringa mwaka 2009 na 10 wa shule ya Byamungu kule Kyerwa mwaka 2020, wote kwa moto wa mabwenini. Darasa la nne si wadogo kiasi cha kutoambiwa mlango wa pili uko wapi na kwanini usifungwe kwa kufuli.

Kwahiyo kituo nawapa nyota nne na nusu, usafiri moja na hiyo ni huruma. Mkienda nendeni asubuhi, kofia na maji ya kunywa kila mtoto, nguo ya kubadilisha, na gari mlipe nusu, nusu nyingine mkirudi.

Jioni ile ndoo nimeihamishia kwenye kuoshea vyombo, nikapita sokoni nikanunua mfuniko wa bati wa karai, elfu nne na mia tano baada ya kubishana sana. Binti yangu kaupokea, kauweka juu ya karai, kainama kachungulia pembeni, kaniambia mama una mwanya huku, kesho turudishe.