Uzoefu wangu na lenzi ya Jupiter-8 mjini Bukavu

Jupiter-8 yangu ni ya milimita 50 yenye uwazi wa f/2 (tundu kubwa kabisa la kupitisha mwanga kwenye lenzi hii), na ilitengenezwa Krasnogorsk, karibu na Moscow, kwa ajili ya kamera za Kisovieti za Zorki. Muundo wake umetokana na Sonnar, lenzi ya kampuni ya Zeiss ya Ujerumani: vioo 6 katika makundi 3. Namba yake inaanza na 63, ambayo kwa kawaida huonyesha mwaka wa kutengenezwa, yaani 1963. Niliinunua kwa dola 70, nami naitumia kwenye kamera ya dijitali kupitia adapta ya skrubu ya milimita 39.

Mwenye kamera ya Leica ya Ujerumani aelewe jambo moja. Lenzi hizi zilifuata vipimo vya Contax, kamera ya Zeiss, ambavyo ni tofauti kidogo na vya Leica, kwa hiyo zikifungwa kwenye Leica, picha ya karibu kwa f/2 yaweza kukosa ukali ingawa kipima-umbali cha kamera kinaonyesha kwamba umelenga sawasawa. Kwenye dijitali unalenga kwa kutazama skrini, na tatizo hilo halipo.

Muuzaji alisema vioo ni safi. Nilipoipitisha tochi nyuma ya lenzi na kuitazama kwa upande, niliona nyuzi za kuvu, nyembamba kama utando wa buibui, zikitambaa kutoka ukingoni. Fundi saa mmoja wa Kadutu, hapa hapa Bukavu, mzee mwenye mkono mtulivu sana, aliifungua, akaifuta kuvu kwa haidrojeni peroksaidi, akaondoa grisi iliyoganda na kutia mpya kidogo tu, kwa sababu grisi ikizidi, mafuta yake huishia kwenye bapa zinazofungua na kufunga uwazi. Pete ya kulengea sasa inazunguka kwa kidole kimoja. Bahati ni kwamba kuvu ilikuwa bado changa. Ingekaa miaka, ingekula mpako wa kioo, na alama hiyo haiondoki.

Hapa kwetu, kando ya Ziwa Kivu, unyevu wa masika ndio adui mkubwa. Mfuko wa ngozi uliokuja na lenzi nimeuweka mbali, maana ngozi hutunza unyevu na kuvu. Lenzi inakaa kwenye kopo la plastiki linalofungwa vizuri, pamoja na silika jeli, chembe zinazofyonza unyevu, ambayo naikausha kila rangi yake inapobadilika.

Kwa picha za sura za watu naipenda kwa dhati: kwa f/2 ngozi inatoka laini na macho yanabaki makali. Ikielekezwa kwenye jua, picha hufifia, hivyo kinga ya mwanga ni ya lazima. Anayetaka kununua aombe kwanza picha ya lenzi iliyomulikwa tochi kwa nyuma, kabla ya kutuma pesa.