Mizani ya kupima mafuta ya mwili: uzito naiamini, mafuta siiamini

Ni zile mizani za kioo zenye vibati vinne vya chuma, unapanda pekupeku, inajiunga na simu kwa Bluetooth, halafu programu yake inakumwagia namba zaidi ya kumi: uzito, mafuta, misuli, maji, mifupa, mpaka "umri wa mwili". Kwa anayehangaika na unene, namba hizo hazina uzito sawa.

Kwenye kilo iko vizuri, ila ina masharti. Kila mguu wake una kihisi kinachopinda kidogo kinapolemewa, kwa hiyo sakafu iwe ngumu na sawa, ya saruji au vigae. Juu ya zulia, tumbo la mizani linaegemea manyoya, sehemu ya uzito inabebwa na zulia, nawe unasoma kilo pungufu usizozitolea jasho. Ukiihamisha, ikanyage kwa mguu mmoja, iache hadi isome 0.0, ndipo upande. Kuihakiki ni rahisi: jipime, kisha panda umebeba dumu lenye lita 5 za maji. Lita moja ni kilo moja, hivyo tofauti iwe kilo 5 pamoja na uzito wa dumu tupu.

Kuna ujanja mmoja ambao kijitabu chake hakiutaji. Mizani hii inakumbuka. Ukipanda tena ukiwa na tofauti ndogo, inakurudishia namba ileile ya mwanzo ili ionekane ina msimamo. Nimepanda na kichupa cha maji cha mililita 200 mkononi, namba haikutikisika. Nikapanda na dumu kuivuruga kumbukumbu, nikaliweka chini, nikarudi na kichupa: gramu 200 zikaonekana. Kwa hiyo anayejipima mara mbili mfululizo na kufurahi kwamba zimelingana hajathibitisha chochote.

Mafuta ndiyo yenye matatizo. Mizani inapitisha mkondo dhaifu wa umeme kutoka unyayo mmoja hadi mwingine. Misuli ina maji mengi, inaupitisha kwa urahisi, mafuta yanauzuia. Ukinzani huo unachanganywa na urefu, umri na jinsia uliyojaza, kanuni inatoa asilimia. Tatizo ni kwamba mkondo unapanda mguu mmoja, unakatiza nyongani na kushuka mguu wa pili. Kitambi, kifua na mikono vinakadiriwa tu. Tena chochote kinachogusa maji kinaisogeza namba: ukiamka na kiu, au nyayo zikiwa kavu na zenye magaga, mafuta yanaonekana yamepanda. Anayebisha aongeze sentimita 5 kwenye urefu wake ndani ya programu, apande upya. Atakuwa amepungua mafuta bila kuruka hata mlo mmoja.

Natumia hivi: asubuhi, baada ya choo, kabla ya kula na kunywa, nyayo safi zenye unyevu kidogo, pale pale sakafuni. Namba ya siku moja siihesabu. Nachukua wastani wa siku 7 na kuulinganisha na wa wiki iliyotangulia. Sababu ni maji. Kila gramu ya wanga inayohifadhiwa kwenye misuli na ini inakaa na takriban gramu 3 za maji, ndiyo maana wiki ya kwanza ya kupunguza kula kilo mbili zinaweza kuyeyuka haraka, na siku moja ya kula sana kuzirudisha nusu. Chumvi nyingi inafanya hivyo hivyo, na kwa wanawake siku za kabla ya hedhi. Mafuta yenyewe hayana haraka: nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri.

Halafu wastani utagoma. Mwili ukishapungua, homoni ya leptini inayoleta shibe inashuka, ghrelini inayoleta njaa inapanda, na mwili mwepesi unachoma nishati kidogo kuliko ule mzito wa mwanzo. Chakula kilichokupunguza mwanzo sasa kinakushikilia palepale. Programu haisemi hata neno kuhusu hili, inachora tu mstari uliolala, na hapo ndipo mizani nyingi husukumwa chini ya kitanda.

Namba ya "mafuta ya ndani" ndiyo ningeifuta kabisa, kwa sababu inahusu jambo zito zaidi na inalikisia kutoka miguuni. Mafuta yanayozunguka utumbo yanamwaga asidi za mafuta kwenye mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini. Ini linajaa mafuta, insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, inafanya kazi kwa shida, na kisukari cha aina ya pili na shinikizo la damu hufuata njia hiyo. Futi ya kamba inakupa habari za kuaminika zaidi. Izungushe kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, isipande wala kushuka mgongoni, isikaze ngozi, soma baada ya kutoa pumzi kawaida. Shirika la Afya Duniani linaweka hatari kuanzia sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, na hatari kubwa zaidi 102 na 88. Kipimo kingine cha haraka: kiuno kisifike nusu ya urefu wako.

Rangi nyekundu za programu nazo hazisaidii. Mtu wa kilo 120 akishuka hadi 110, bado anaandikiwa "unene uliokithiri", wakati kupungua asilimia 5 hadi 10 kunatosha kushusha shinikizo na sukari, na kila kilo inayotoka inaliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 kwa kila hatua.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiipande katika hali ya kupima mafuta, na mjamzito vilevile. Ipo hali ya uzito pekee. Mwisho wa mizani yangu ni kilo 150, juu ya hapo inaandika "Err". Wanaozidi kilo hizo, na ndio wanaoihitaji kuliko wengine, watafute ya kilo 180 au 200, yenye jukwaa pana, hata kama haina programu.